Nani anafanya kazi ya pumzi: mgonjwa au mashine?

Jamaa wanaosubiri nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, iwe ni Hospitali Kuu ya Pwani au hospitali yoyote ya binafsi hapa Mombasa, huambiwa kauli moja: mgonjwa wenu yuko kwenye mashine. Wengi hufahamu kwamba mashine inampumulia na yeye amelala tu. Kwa mgonjwa aliyepewa dawa za usingizi mzito na za kulegeza misuli, ndivyo ilivyo. Kwa wengi wengine sivyo. Mgonjwa bado anavuta, mashine inasukuma, na kazi ya pumzi inagawanywa baina yao. Mgao huo ukikaa sawa, misuli iliyochoka hupata nafuu. Ukikaa vibaya, mtu anaweza kulala na tyubu kooni, kengele ziko kimya, kipimo cha oksijeni ni kizuri, na huku anazidi kuchoka saa baada ya saa bila yeyote kutambua.

Tunaeleza hapa mgao huo unavyopangwa na unavyoharibika, kwa ajili ya wauguzi na matabibu wanaoanza kazi hii, na kwa jamaa anayetaka kuelewa anachokiona kwenye kioo cha mashine.

Hesabu ya pumzi moja

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika, kila moja karibu nusu lita. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Ni kazi nyepesi. Misuli ya pumzi haitumii hata asilimia 5 ya oksijeni ya mwili mzima. Mapafu yakijaa maji au usaha, au njia za hewa zikibana, gharama hiyo inaweza kupita asilimia 20, na damu iliyokuwa ihudumie figo na ubongo ikaelekezwa kwenye misuli ya kifua. Dalili zake huhitaji macho tu: misuli ya shingo inajitokeza, mianzi ya pua inatanuka, tumbo linaingia ndani pale kifua kinapopanda, jasho linamtoka, na mtu hawezi kumaliza sentensi bila kukatiza ahema.

Kila pumzi inadai presha ya kubeba mizigo miwili. Wa kwanza ni kuyatanua mapafu, ambayo yakiachwa hunywea. Wa pili ni kupitisha hewa kwenye njia zake: koo, matawi ya mapafu, na kwa mgonjwa huyu tyubu pia. Presha yenyewe hupimwa kwa sentimita za maji. Presha ya 10 ni sawa na ile iliyopo kina cha sentimita 10 chini ya uso wa maji.

Chukua mgonjwa mwenye tyubu ambaye mapafu yake si mabaya sana. Yanaingiza mililita 50 kwa kila sentimita moja ya presha. Pumzi ya mililita 400 itataka presha ya 8. Ukinzani wa njia zake ni 10 kwa kila lita kwa sekunde, naye anavuta nusu lita kwa sekunde, kwa hivyo ongeza 5. Jumla ni 13. Sasa mapafu hayo yakakamae kwa nimonia, yaingize mililita 25 tu kwa kila sentimita: pumzi ile ile itataka 16 na 5, yaani 21. Mwenye pumu kali ana hesabu nyingine. Mapafu yake yanatanuka vizuri, lakini ukinzani umefika 25, na kwa kuwa anahema kwa pupa anavuta lita nzima kwa sekunde. Hapo ni 8 na 25, yaani 33.

Jumla hiyo lazima itoke mahali. Mashine ikitoa 10 kwa mgonjwa anayehitaji 21, zile 11 zilizobaki zitatoka kwenye misuli yake, mara 30 kwa dakika, usiku na mchana. Ni kama mkokoteni uliojaa magunia unaopandishwa kutoka Marikiti: anayesaidia nyuma akisukuma wakati mmoja na mwenye mkokoteni, wote wanapata nafuu, akichelewa, au akisukuma pale mwenzake anapotaka kusimama, bora asingeshika kabisa. Modi zote za mashine, pamoja na majina yao marefu, ni njia mbalimbali za kupanga msukumo huo wa nyuma.

Mambo matatu ya kuuliza kwa kila modi

Usianze na jina la modi. Kampuni moja huliita hivi na nyingine vile, na mtu akihamia mashine mpya huona kama amerudi darasani. Uliza mambo matatu: pumzi inaanzishwa na nini, inasukumwa na nini, inakatwa na nini. Majibu hayo yatakuonyesha modi yoyote, hata ile hujawahi kuiona.

Kuanzisha kunafanywa na saa ya mashine au na mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa anapovuta, mashine huhisi presha imeshuka au mkondo wa hewa umebadilika; sehemu hiyo inayohisi ndiyo kianzishi. Ukitumia presha, weka 1 hadi 2 chini ya presha ya msingi, yaani ile inayobaki mapafuni pumzi ikishatolewa. Ukitumia mkondo, weka lita 1 hadi 3 kwa dakika. Sisi huanza na 2. Ukiifanya mashine kuwa nzito kuhisi, mgonjwa atavuta na kuvuta bila kujibiwa. Ukiifanya nyepesi mno, itatoa pumzi ambazo hakuna aliyeziomba.

Huko Copenhagen mwaka 1952, wakati wa mlipuko wa polio, daktari Bjørn Ibsen aliwaokoa waliopooza kwa tyubu iliyoingizwa shingoni na mfuko wa kubonyezwa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu kubonyeza. Mkono una faida ambayo mashine imekuwa ikiitafuta tangu hapo: unahisi mgonjwa anapoanza kuvuta na unamfuata papo hapo. Kila anayefanya kazi hii ashike mfuko wa ambu walau mara moja kwa mgonjwa anayejipumulia kidogo. Ataelewa kianzishi kuliko akisoma kitabu kizima.

Hapa Mombasa kuna adui mmoja wa kianzishi anayerudi kila zamu, nayo ni maji ndani ya mipira inayopeleka hewa kwa mgonjwa. Hewa inatoka kwenye chombo cha kutia unyevu ikiwa na nyuzi joto 37, na kila lita imebeba miligramu 44 za maji. Inapita kwenye mpira uliolala ndani ya chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 22, ambapo lita moja haiwezi kubeba zaidi ya miligramu 20 hivi. Maji yanayobaki hudondoka na kukusanyika pale mpira uliponing'inia chini. Hewa ikipita, maji yanatikisika, mkondo unayumba, na mashine inadhani mgonjwa ameomba pumzi. Utaona idadi ya pumzi imeruka hadi 35 kwa mtu aliyelala fofofo. Kabla ya kuongeza dawa ya usingizi, kagua mpira. Maji yamwagwe kwenye mtego wake. Yasirudishwe upande wa mgonjwa wala kwenye chombo cha unyevu, kwa sababu yamebeba vijidudu. Mipira yenye waya wa joto ndani hupunguza tatizo hili sana, nayo ipewe kipaumbele pale bajeti inaporuhusu.

Mahali pa chombo hicho wengine hutumia kichujio kinachohifadhi unyevu wa mgonjwa mwenyewe. Ni rahisi na hakileti maji mpirani, lakini kina nafasi ya mililita 30 hadi 90 ambayo mgonjwa huijaza kwa hewa aliyokwisha kuitoa, tena huongeza ukinzani. Kwa anayevuta mililita 300 tu, hiyo ni sehemu kubwa ya pumzi yake. Kikilowa makohozi, kinakuwa kizibo. Kibadilishwe mara tu kinapoonekana kimechafuka, bila kungoja siku iliyoandikwa.

Modi ya ujazo

Hapa unaiambia mashine itoe ujazo maalumu, kwa mkondo maalumu, kila mgonjwa anapoomba au saa inapofika. Ujazo hupigwa kwa uzito unaotokana na urefu wa mtu. Uzito wa mizani hautumiki, maana mapafu hayanenepi. Kwa mwanamume: 50, ongeza 0.91 mara sentimita zilizozidi 152.4. Kwa mwanamke anza na 45.5 badala ya 50. Mwanamume wa sentimita 170 anatoka kilo 66, na kwa mililita 6 kwa kilo anapewa karibu 400. Mwanamke wa sentimita 158 anapewa karibu 300. Kiwango cha 6 kilipata nguvu mwaka 2000, utafiti mkubwa wa Marekani ulipoonyesha vifo vya asilimia 31 kwa waliopewa 6, dhidi ya karibu 40 kwa waliopewa 12, kwa wagonjwa wa mapafu yaliyoharibika vibaya.

Kwa mgonjwa asiyevuta kabisa, modi hii hubeba kazi yote. Kwa anayevuta, jambo hubadilika. Katikati ya miaka ya 1980, John Marini na wenzake walipima na kukuta kwamba mgonjwa haachi kuvuta pale mashine inapoitika. Ubongo ukishaagiza pumzi, kiwambo huendelea kukaza mpaka mwisho wa agizo. Kama mkondo uliowekwa ni lita 40 kwa dakika na yeye anataka 70, mashine haitampa zaidi hata avute vipi. Anavuta ukutani. Mchoro wa presha unaotakiwa kupanda kama mgongo wa kilima unabonyea katikati, na kadiri ulivyobonyea ndivyo kazi iliyomwangukia ilivyo kubwa. Hii ndiyo alama ya kwanza tunayomfundisha mgeni kuitafuta kwenye kioo.

Dawa ya moja kwa moja ni kuongeza mkondo hadi 60 au 80. Lakini ukifanya hivyo unazua jingine. Mililita 400 kwa mkondo wa lita 60 zinakwisha kwa sekunde 0.4, wakati ubongo wa mgonjwa umeagiza pumzi ya sekunde 0.8 au zaidi. Mashine imekwisha kufungua mlango wa kutoa hewa, yeye bado anavuta, kianzishi kinahisi mvuto, na pumzi ya pili inamwagwa juu ya ya kwanza. Mapafu uliyoyapangia 400 yamepokea karibu 800. Ulijitahidi kuyalinda, na yanachanika kwa mlango wa nyuma. Njia za kutoka ni kadhaa na huchaguliwa kwa mgonjwa: tumia mkondo unaoanza juu na kushuka, ambao huchukua muda mrefu zaidi kwa ujazo ule ule, ongeza kituo kifupi mwishoni mwa kuvuta, panda hadi mililita 7 au 8 kwa kilo kama presha ya kituo, ile inayosomwa hewa ikizuiwa kidogo mwisho wa kuvuta, iko chini ya 30, au hamia modi ya presha. Kabla ya hayo yote, tafuta kinachomfanya avute kwa nguvu hivyo. Homa, maumivu, kibofu kilichojaa na asidi iliyozidi damuni ni vyanzo ambavyo mashine haitibu.

Modi ya presha, na mtego wake

Hapa unaweka presha, tuseme 15 juu ya msingi, na muda wa kuvuta wa sekunde 0.8 hadi 1. Mkondo uko huru: mgonjwa akivuta zaidi, mashine inafungua zaidi. Ndiyo sababu mtu mwenye kiu kubwa ya hewa mara nyingi hutulia hapa ndani ya dakika chache, shingo ikalegea na mapigo ya moyo yakashuka. Gharama yake ni kwamba ujazo hauna uhakika. Tyubu ikianza kuziba makohozi, ujazo unapungua kimya kimya huku presha kwenye kioo ikiwa ile ile. Kengele ya ujazo mdogo ni lazima iwekwe kwa umakini, na isizimwe kwa kuwa inasumbua.

Ili kupata uhuru wa mkondo pamoja na uhakika wa ujazo, watengenezaji walileta modi inayojirekebisha: unaipa lengo la mililita 400, nayo inapandisha au kushusha presha pumzi hadi pumzi ili ifikie hapo. Kwa mgonjwa aliyelegea ni nzuri. Kwa anayehangaika tunaihofia. Mtu mwenye asidi damuni anavuta kwa nguvu zake na kupata 500. Mashine inaona lengo limepitwa, inashusha presha. Anavuta zaidi, inashusha tena. Baada ya muda inatoa presha ya 5 tu juu ya msingi, na yeye ndiye anayefanya karibu kazi yote. Kioo kinaonyesha presha ndogo na ujazo mzuri, na anayepita haraka atasema mgonjwa ana nafuu. Ukiona presha imeshuka huku idadi ya pumzi inapanda na shingo inakaza, hiyo si nafuu. Mtoe kwenye modi hiyo mara moja.

SIMV na hoja ya kupunguza kidogo kidogo

SIMV, modi inayochanganya pumzi za mashine na za mgonjwa mwenyewe, ilienea kuanzia miaka ya 1970 kwa hoja iliyoonekana ya busara. Mashine itoe pumzi 10 kamili, nyingine mgonjwa ajivutie. Kesho iwe 8, keshokutwa 6, hadi asimame mwenyewe. Marini na wenzake waliipima tena mwaka 1988. Ubongo haujui pumzi ijayo ni ya mashine au ya kwake, basi misuli inakaza karibu sawasawa kwa zote mbili. Mgonjwa hapumziki hata kwenye zile pumzi alizosaidiwa. Mwaka 1995 Andrés Esteban na wenzake wa Hispania walilinganisha njia nne za kumtoa mtu kwenye mashine, na jaribio moja kwa siku la kujipumulia lilifika mwisho karibu mara 3 upesi kuliko njia hii. Bado utaikuta imewekwa sehemu nyingi kwa mazoea. Kama imewekwa, basi zile pumzi za mgonjwa ziongezewe presha ya kusaidia. Sisi hatuoni sababu ya kumwekea mtu mzima anayevuta mwenyewe.

Kusaidia kwa presha

Modi hii ndiyo inayofaa zaidi kwa aliyeamka. Kila pumzi inaanzishwa na mgonjwa. Mashine inasukuma kwa presha uliyoweka. Pumzi inakatwa mkondo unaposhuka hadi sehemu fulani ya kilele chake, kwa kawaida asilimia 25. Anza na 10 hadi 12 juu ya msingi wa 5, kisha keti uangalie. Pumzi zikibaki chini ya 30 kwa dakika, ujazo ukiwa 6 hadi 8 kwa kilo, na misuli ya shingo imelala, hapo pametosha. Zikiwa 38 zenye mililita 220, ongeza 2 na ungoje dakika chache.

Wengi hudhani kuongeza ni kumhurumia. Kupita kiasi kuna madhara yake. Presha ya 20 kwa mtu anayehitaji 10 inamjaza mililita 700, hewa ukaa inashuka, ubongo unaacha kuagiza, naye akilala pumzi zinasimama hadi kengele ya sekunde 20 ilie. Ubongo unaamka, unavuta kwa hofu, na mzunguko unaanza tena. Usiku mzima hivyo, asubuhi mgonjwa amechanganyikiwa na kila mtu anauliza kwa nini.

Ile asilimia 25 nayo si amri. Kwa mwenye mapafu yaliyochakaa kwa sigara au kwa moshi wa kuni na makaa wa miaka mingi, mkondo unashuka polepole mno. Mashine inaendelea kusukuma wakati yeye ameshaanza kutaka kutoa, hata anakaza tumbo kuisukuma nyuma. Mwisho wa mchoro wa presha utaona ncha imechomoza. Pandisha hadi asilimia 40 au 50. Mwenye mapafu yaliyokakamaa hali yake ni kinyume, pumzi inakatwa mapema, mshushie hadi 15 au 10.

Hewa iliyonaswa

Hapa ndipo kazi nyingi ya pumzi hupotea bila kuonekana. Mwenye pumu au mapafu yaliyochakaa anahitaji muda mrefu kutoa hewa. Pumzi inayofuata ikija kabla hajamaliza, hewa inabaki ndani, na presha inabaki nayo. Tuseme imebaki 10. Kianzishi cha presha kiko 2. Ili mashine ihisi, mgonjwa lazima kwanza avute presha ya 10 aifute ile iliyonaswa, kisha avute 2 nyingine. Anafanya kazi ya 12 kabla hajapata tone la hewa, na pumzi nyingine anazianza na kushindwa katikati.

Namna ya kuigundua haihitaji kifaa. Weka kiganja juu ya tumbo la mgonjwa, hesabu dakika nzima. Tumbo likipanda mara 34 na mashine ikaandika 22, juhudi 12 zimekwenda bure katika dakika hiyo. Kwenye mchoro wa mkondo, mstari wa kutoa hewa haurudi kwenye sifuri kabla ya pumzi mpya. Kwa mgonjwa aliyelegea, bonyeza kitufe cha kuzuia mwishoni mwa kutoa hewa na usome presha iliyobaki.

Tiba ni kumpa muda. Kwa mwenye pumu aliyelazwa usingizi mzito, pumzi 10 hadi 14 kwa dakika, mkondo wa 60 hadi 80, na hewa ukaa iachwe ipande kidogo. Kwa anayevuta mwenyewe, punguza presha ya kusaidia, tuseme kutoka 18 hadi 12; inashangaza mwanzoni kwamba kupunguza msaada kunamrahisishia, lakini pumzi ndogo hutoka haraka na haziachi mabaki. Mpe salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa, nyonya makohozi. Kwa mwenye mapafu yaliyochakaa, presha ya msingi, ile iliyoandikwa PEEP, ikipandishwa hadi kama robo tatu ya iliyonaswa, yaani 7 kwa 10, sehemu kubwa ya kile kizingiti inaondoka. Usiipite. Na presha ya damu ikianguka ghafla kwa mgonjwa wa pumu, chomoa mpira kwenye tyubu kwa sekunde kadhaa, hewa itoke. Ikirudi, umejua sababu. Isiporudi, shuku pafu limetoboka na hewa kuingia kifuani.

Tyubu yenyewe

Hewa ikipita kwa utulivu, ukinzani wa mrija hutegemea kipenyo kwa nguvu ya nne. Tyubu ya milimita 7 ina ukinzani wa karibu mara 1.7 ya ile ya 8, na mkondo ukiwa wa kasi tofauti huongezeka. Makohozi yaliyoganda ndani hugeuza 8 kuwa 7 bila mtu kuandika popote. Mgonjwa anayeing'ata hufanya vivyo hivyo.

Kutenganisha shida ya njia na shida ya mapafu, mashine ikiwa modi ya ujazo, zuia hewa nusu sekunde mwisho wa kuvuta. Kilele cha presha 38 na kituo 20: mapafu ni salama, njia ndiyo imeziba, tafuta makohozi, kukunjika, kubana kwa pumu. Kilele 38 na kituo 34: mapafu yenyewe yamekakamaa au kitu kimeyabana.

Mgonjwa akianza kutweta ghafla, usianze kubonyeza vitufe. Mchomoe kwenye mashine, mbonyezee ambu yenye oksijeni. Akitulia, kosa liko kwenye mashine au vipimo vyake. Ambu ikiwa ngumu mkononi, pitisha mpira wa kunyonya; usipopita, tyubu imeziba. Ukipita, sikiliza pande zote mbili za kifua. Ambu iwe kichwani pa kila kitanda, si kabatini, maana stima nayo haina miadi na betri za mashine kuukuu hazidumu.

Kinyago bila tyubu

Presha moja isiyobadilika, CPAP, haisukumi pumzi. Inazuia vifuko vya hewa visifunge na hivyo hupunguza kazi ya kuvifungua upya. Kwa mtoto mchanga hufanywa kwa neli za puani ambazo mwisho wake umezamishwa kwenye chupa ya maji. Kina cha sentimita 5 ni presha ya 5, na mapovu yakikoma ujue hewa inavuja au mkondo hautoshi. Kwa mtu mzima mwenye mapafu yaliyochakaa huwekwa presha mbili, 4 au 5 ya kutolea na 10 hadi 12 ya kuvutia, kupitia kinyago kilichokaa sawa. Muuguzi anayekishika kwa mkono dakika za mwanzo na kumwambia, "Baba, ifuate polepole, itakusaidia," hupata matokeo kuliko anayefunga mikanda na kuondoka.

Zipo pia modi zinazofuata juhudi ya mgonjwa moja kwa moja. Magdy Younes alieleza mwaka 1992 modi inayotoa presha kwa uwiano wa nguvu ya mgonjwa, na Christer Sinderby mwaka 1999 akaeleza ile inayosoma umeme wa kiwambo kupitia mpira wa tumboni. Zinapatana na mgonjwa vizuri, ila zinahitaji mashine maalumu.

Kupumzisha hadi wapi

Kama kazi inaumiza, mbona tusimpumzishe kabisa hadi apone? Mwaka 2008 Sanford Levine na wenzake walichunguza viwambo vya watu waliokaa kwenye mashine saa 18 hadi 69 bila kuvuta kabisa. Nyuzi za msuli zilikuwa zimepungua unene kwa zaidi ya nusu. Basi pumziko kamili ni la siku ya kwanza au mbili, au pale hali inapodai. Baada ya hapo mgonjwa arudishiwe sehemu ya kazi. Mashine nyingi mpya hupima mvuto wa sehemu ya kumi ya kwanza ya sekunde, kwa alama P0.1. Chini ya 1 analala mno. Juu ya 4 anateseka.

Sababu ya ugonjwa ikitulia, oksijeni inayotolewa na mashine ikiwa asilimia 40 au chini na PEEP si zaidi ya 8, mjaribu kila siku: presha ya kusaidia ya 5 hadi 8, dakika 30 hadi 120. Mwanzoni gawanya idadi ya pumzi kwa ujazo wa lita, kipimo cha Karl Yang na Martin Tobin cha mwaka 1991, mgonjwa akivuta bila msaada wa presha, maana msaada hukifanya kionekane kizuri kuliko kilivyo. Pumzi 24 za lita 0.4 ni 60, na ni dalili njema. Pumzi 36 za lita 0.25 ni 144, zimepita mpaka wa 105. Simamisha jaribio pumzi zikizidi 35, kipimo cha oksijeni ya damu kikishuka chini ya asilimia 90, moyo ukipita 140, au jasho na wasiwasi vikianza. Mrudishe kwenye msaada wa kutosha apumzike hadi kesho. Kujaribu tena jioni ile ile huchosha msuli uliokwisha kuchoka.

Akifaulu, pima kikohozi chake na wingi wa makohozi kabla ya kutoa tyubu. Mwenye mapafu yaliyochakaa au moyo dhaifu huwekewa kinyago chenye presha mbili saa ile ile tyubu inapotoka, kabla hajaonyesha shida yoyote. Kungoja aanze kutweta ndipo kiletwe ni jambo tofauti: utafiti wa Esteban wa mwaka 2004 ulikuta waliowekewa kinyago wakiwa wameshashindwa walikufa zaidi, pengine kwa kuwa tyubu iliyohitajika ilicheleweshwa. Huyo arudishiwe tyubu bila kusita.